Barua ya Chuo Imefika, Ada Iko Wapi?

ILIKUWA Jumamosi ya mwishoni mwa Oktoba, mwaka juzi. Tulikuwa tumemaliza swala ya Alasiri, nami nimebaki katika chumba kidogo kilicho ubavuni mwa msikiti wetu hapa Manispaa ya Morogoro, nikipanga risiti za umeme na maji kwa ajili ya kikao cha kamati. Akaingia mzee mmoja ambaye sikupata kumwona kabla ya siku ile. Kanzu yake aliikunja hadi magotini kwa sababu ya tope la njiani, na mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uangalifu, mithili ya mtu aliyebeba mayai. Alitoa salamu, akaketi, akafungua mfuko ule na kutoa karatasi mbili.

“Ustadh,” akasema, “mimi natoka Kinole. Huyu ni mtoto wa dada yangu. Ameitwa chuo kikuu. Nimeambiwa ninyi watu wa msikiti mnaweza kunielekeza pa kubisha hodi.”

Karatasi ya kwanza ilikuwa matokeo ya kidato cha sita, na yalikuwa matokeo ya kumpa raha mzazi yeyote. Ya pili ilikuwa orodha ya malipo. Ada ya mwaka shilingi milioni moja na laki tatu. Bima ya afya shilingi 50,400. Kitambulisho, usajili, mchango wa serikali ya wanafunzi, malazi. Chini kabisa iliandikwa tarehe ya mwisho ya usajili, nayo ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

Nilimwuliza mzee ana kiasi gani. Akaniambia laki tatu, na hizo amezipata baada ya kuuza karafuu za miti yake yote zikiwa bado changa mtini. Nilimwuliza kuhusu mkopo wa serikali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema jina la binti halikutoka katika orodha, kwa kuwa aliandika kwamba baba yake ni marehemu na hakuna aliyeweza kuonesha cheti cha kifo.

Ndugu msomaji, binti yule hakwenda chuo mwaka ule. Nalisema mapema ili asije mtu akasoma makala hii akitarajia kwamba katibu wa msikiti aliinua simu na mambo yakanyooka. Tulifanya tulichoweza kwa siku kumi na moja, na hakikutosha. Nimeandika ili nieleze kwa nini hakikutosha, maana sababu karibu zote zilikuwa zimekwisha kutimia miaka mingi kabla ya barua ile kuandikwa.

Ngazi inayokatika ghafla

Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na katika mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa katika mpango huo. Hili ni jambo la kushukuru, na asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake. Lakini limezaa hali ambayo wazazi wengi hatukuitafakari. Mtoto anapanda ngazi kwa miaka kumi na mitatu, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, na katika miaka hiyo mzazi anazoea kulipia sare, madaftari, chakula na michango midogo. Kisha ngazi inakatika ghafla. Kati ya mtihani wa Mei na masomo ya chuo ya Oktoba au Novemba, familia ambayo haijawahi kushika shilingi laki tano kwa mkupuo mmoja inatakiwa kutoa zaidi ya milioni moja.

Sisi wa misikitini tuna lawama yetu katika hili, na ni haki nianze na msikiti wangu. Tunajua idadi ya mabati ya paa letu. Tunajua ni taa ngapi zimeungua na zulia lina urefu gani. Mwaka ule angeniuliza mtu ni vijana wangapi wa jamaa yetu walio kidato cha sita, nisingekuwa na jibu, nami ndiye katibu. Mzee yule alitoka milimani kuja kwetu akidhani msikiti wa mjini una ofisi ya mambo haya. Alikuta chumba chenye risiti za maji.

Ajabu ni kwamba mji wenyewe umejaa vyuo. Hapa ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Julai 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali mkoani humu miezi mitatu kabla. Mzumbe ipo upande wa pili wa milima, ikianzia kwenye shule ya watendaji wa serikali za mitaa ya mwaka 1953. Na Msamvu kipo Chuo Kikuu cha Waislamu, katika majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO, ambayo serikali ya awamu ya tatu iliyakabidhi kwa Waislamu mwaka 2004, na masomo yakaanza mwaka uliofuata. Mtoto wa Kinole au Mkuyuni akisimama kwenye miinuko usiku anaziona taa za mji wenye vyuo vikuu. Umbali ulio baina yake na taa zile haupimwi kwa kilomita.

Cheti ambacho hakuna aliyekifuata

Baba wa binti yule alifariki nyumbani, kijijini, mtoto akiwa darasa la tatu. Alioshwa, akakafiniwa, akaswaliwa na kuzikwa siku ileile kama inavyopasa, na watu wakarudi mashambani. Hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo. Nani angekwenda? Kusafiri hadi mjini kwa ajili ya karatasi ya mtu aliyekwisha kuzikwa lilionekana jambo la watu wenye mali za kugombania.

Miaka kumi baadaye karatasi ile ikawa mlango. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, humtaka mwombaji awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na akiwa yatima aambatishe cheti cha kifo cha mzazi. Yatima ni miongoni mwa watu wanaotazamwa kwanza katika kupangiwa mkopo. Asiye na cheti huhesabiwa kuwa ana baba, tena baba asiyejulikana kipato chake. Hivyo ndivyo mtoto aliyekuwa na haki zaidi ya kusaidiwa alivyoonekana katika mafaili kama mtoto ambaye baba yake hakujaza fomu vizuri.

Baada ya siku zile kumi na moja kupita, tulilifuatilia suala hili kwa utulivu. Uandikishaji wa kifo kilichochelewa huanzia kijijini, kwa barua ya Mtendaji, kisha hufikishwa kwenye dawati la RITA katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, pamoja na maelezo ya watu waliokuwapo. Ushahidi uliotusumbua kuupata ulikuwa wa tarehe. Mjomba alikumbuka kwamba ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga. Shangazi alisema ilikuwa baada ya Idi. Imamu wa kijiji wa wakati ule naye ametangulia mbele ya haki. Hatimaye tarehe ilipatikana katika daftari la mwalimu wa madrasa, aliyekuwa na tabia ya kuandika sababu ya kila siku ambayo watoto hawakusoma: “Leo hakuna darasa, mazishi.” Na jina la marehemu likafuata.

Tangu hapo msikiti wetu una daftari la jeneza. Kila maiti tunayemswalia tunaandika jina lake kamili, jina la baba yake, tarehe, mahali alipozikwa na majina ya mashahidi wawili. Daftari halichukui nafasi ya cheti. Cheti hutolewa na serikali, na tunawahimiza wafiwa wakifuate mapema, kabla siku thelathini hazijapita. Lakini nawaomba makatibu wenzangu, hasa wa vijiji vya Uluguru, wanunue daftari moja la kurasa mia mbili. Bei yake haifiki hata ya chupa ya uturi.

Hali kadhalika cheti cha kuzaliwa. Mtoto anaweza kufika hadi kidato cha nne bila ya mtu kumdai kwa ukali, kisha akadaiwa chote kwa wiki moja. Jina la cheti liwe ndilo la shuleni, herufi kwa herufi. Tuna vijana ambao katika cheti ni Ramadhani na shuleni ni Ramadhan, na herufi moja ile imewagharimu nauli na kiapo kwa wakili.

Mkopo, na swali la riba

Wapo wazazi ambao karatasi zao ni kamili na bado hawaombi mkopo, kwa kuogopa riba. Khofu hii naiheshimu. Mzazi anayemwogopa Allah (s.w.) katika chakula cha mwanawe ni mzazi wa kupongezwa. Lakini khofu nayo inahitaji elimu, na elimu ya miaka kumi iliyopita inaweza isilingane na hali ya leo.

Kwa miaka kadhaa mkopo wa elimu ya juu ulikuwa na tozo ya asilimia 6 iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha, ambayo ilizidi kuongezeka kadiri deni lilivyokaa. Masheikh wengi waliikataa, na mimi nilipokuwa chuoni nilikuwa miongoni mwa waliokataa kujaza fomu kwa sababu hiyo. Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ile, na kuanzia Julai mwaka huo ikaondolewa pamoja na adhabu ya asilimia 10 iliyokuwa ikitozwa kwa waliochelewa kurejesha. Kilichobaki juu ya deni la asili ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1.

Je, asilimia moja hiyo ni riba? Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililijadili suala la aina hii katika kikao chake cha tatu, Amman, Oktoba 1986, lilipoulizwa na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu kuhusu gharama za kuhudumia mikopo. Likaamua kwamba inajuzu kutoza ada ya huduma ikiwa haizidi gharama halisi za kuuhudumia mkopo, na kinachozidi hapo ni riba iliyoharamishwa. Kwa msingi huo wapo wanaoiona asilimia moja kuwa nyepesi, na wapo wanaotaka kwanza kuthibitishiwa hesabu ya gharama. Mimi si mufti. Ninachokiomba ni kwamba mzazi amwulize sheikh wake akiwa na taarifa za sasa, asimfungie mwanawe mlango kwa fatwa iliyotolewa juu ya jambo ambalo limekwisha kuondoshwa.

Na akikubali kukopa, ajue anakopa nini. Mkopo ni deni la mtoto, si zawadi ya serikali. Akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, na makato hayo yatamkuta akiwa ndiyo kwanza anapanga chumba na kutafuta mke, au mama yake anatarajia kutumiwa chochote. Deni linamfuata mtu hadi kaburini, na jeneza la mwenye deni tunajua uzito wake. Kwa hiyo kijana asikopeshwe fedha za chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, akazipeleka kwenye simu mpya.

Kuhusu muda: aghalabu dirisha la maombi hufunguliwa Juni na kufungwa kuelekea mwisho wa Agosti, na matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Anayeanza kutafuta vyeti baada ya matokeo amekwisha kuchelewa. Mtoto akiingia kidato cha tano, mfuko wake wa vyeti uwe tayari.

Karafuu zilizouzwa mtini

Narudi kwa laki tatu za mzee. Hizi ziliniuma kuliko jambo jingine lolote.

Asiyeijua Uluguru na ajue kwamba Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hupita upande huo. Mjomba ni mwenye neno na mwenye mzigo. Mzee yule hakuwa anatoa hisani. Kwa fahamu yake alikuwa anatimiza wajibu wake. (Nilimwuliza kuhusu ndugu wa marehemu kwa upande wa baba, ambao kisharia hatuwezi kuwaondolea dhima ya yatima wao. Alitabasamu tu. Mila ina namna yake ya kuwapumzisha watu.) Ana ndizi, ana iliki chache kwenye kivuli, na ana mikarafuu iliyopandwa na mama yake. Alipobanwa alimwendea mnunuzi, na mnunuzi akatazama miti, akataja bei ya miti yote kama ilivyo. Msimu ulipofika, karafuu zilizochumwa pale zilikuwa na thamani mara kadhaa ya fedha aliyopewa. Zikapakiwa mbele ya macho yake.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kukomaa kwake, na hekima ya katazo lile inaonekana wazi juu ya milima yetu: mmoja kati ya wawili lazima adhulumiwe. Mvua ikiharibu, anaumia mnunuzi. Mti ukijaza, anaumia mkulima. Na kwa kuwa mkulima ndiye mwenye shida ya haraka, bei hupangwa kwa kipimo cha shida yake.

Lakini sharia haikumwacha mkulima mikono mitupu. Ipo biashara ya salam, ambayo Mtume (s.a.w.) aliikuta Madina kwa wakulima wa tende akaiacha iendelee kwa masharti. Mnunuzi analipa bei yote siku ya mkataba. Mkulima anaahidi kuleta mazao yaliyotajwa aina yake, ubora wake na uzito wake, katika tarehe inayojulikana. Mkataba haufungwi na mti fulani wala shamba fulani, bali unafungwa na kilo. Mathalani, mzee angeahidi kilo ishirini za karafuu kavu, safi, zisizo na makonyo, zifikishwe mjini tarehe fulani. Kilo zote zinazozidi ishirini zingebaki kuwa zake. Angepata fedha ya ada leo bila ya riba, na mnunuzi angepata faida yake ya halali kwa kulipa mapema. Tunao Waislamu wafanyabiashara wa viungo hapa mjini, tunaswali nao safu moja. Nimewauliza watatu. Wawili walisema hawajapata kusikia kwamba jambo hili lina jina na masharti. Mmoja alisema analijua, lakini hakuna mkulima aliyewahi kumwomba. Basi pande mbili zinakaa katika msikiti mmoja, kila mmoja akimsubiri mwenzake, na katikati amesimama mlanguzi.

Kwa wenye ardhi ninalo neno moja zaidi. Mkarafuu huhitaji miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa vizuri. Mti unaopandwa mtoto akiwa darasa la nne utaanza kuchumwa akiwa anaelekea kidato cha sita. Wazee wetu walipanda miti mtoto alipozaliwa. Sisi tunapokea miche inayogawiwa na halmashauri, tunaiacha ikauke kwenye mifuko yake.

Elfu moja kwa siku

Wa mjini asiye na shamba atasema haya hayamhusu. Tufanye hesabu. Baba mwenye bodaboda, au mama anayepika chapati Mji Mpya, akiweka shilingi elfu moja kila siku tangu mwanawe aingie kidato cha kwanza, atafika mwezi wa kujiunga na chuo akiwa na karibu milioni mbili na nusu, kwa kuwa ni miaka karibu saba. Nawajua watu wanaosema elfu moja haiwezekani, na baadhi yao ninawaamini. Wengine nimewaona na kadi za michango ya harusi mikononi. Mimi si adui wa pilau. Nimekula na nitakula, inshaallah. Ila jamaa inayoweza kuchanga milioni nane kwa wiki sita ili watu wale usiku mmoja haiwezi kusema haijui kuchanga. Kinachokosekana ni kadi ya mchango yenye jina la mwanafunzi.

Fedha hizo zisikae chini ya godoro. Tangu Amana Bank ilipofungua milango yake mwaka 2011, nchi yetu ina benki inayofuata sharia kikamilifu, na benki nyingine kubwa zimeanzisha madirisha ya Kiislamu. Na mwenye kuweka akiba atazame nisabu kila unapotimia mwaka, kwa sababu kuinuia kuwa ada hakuiondolei zaka.

Kwa upande wa msikiti, baada ya mkasa wa binti yule kamati ilikaa. Mjumbe mmoja alipendekeza tuchukue fedha za zulia jipya, ambazo zilikuwa zimekwisha kutolewa na mfadhili. Tulimkatalia, si kwa ugumu wa moyo, bali kwa kuwa aliyetoa alitoa kwa ajili ya zulia, na sharti la mtoaji huheshimiwa. Tukaamua kuanzisha mfuko mwingine wenye lengo lake tangu mwanzo, wa qardhul hasan, mkopo mwema usio na nyongeza. Hatukubuni jambo jipya. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah imekuwa ikiwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wake, Tanzania ikiwamo, tangu mwaka 1983, kwa utaratibu huohuo: mwanafunzi anapokea kama mkopo mwema, na anaporejesha, fedha hubaki katika jamii yake ili asomeshwe mwingine.

Wetu ni mdogo sana, sitaki kuupamba. Unakopesha ada ya muhula, si ya mwaka. Kila mkopo huandikwa na kushuhudiwa, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Surat al-Baqara, na hapa palikuwa na ubishi. Wazee wawili waliona ni kumdhalilisha mtoto wa jamaa kumwekea mashahidi. Nikawaambia kwamba aya ile, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kitabu, haikushuka kuwadhalilisha Masahaba. Fedha hulipwa moja kwa moja katika akaunti ya chuo. Hadi sasa tumewakopesha vijana tisa. Watatu wameanza kurejesha. Mmoja amebadili namba ya simu na mama yake anatukwepa, hata Ijumaa haonekani. Hilo nalo limetufunza kumtaka mdhamini. Ama walio mafukara hasa, hao tunawatazama katika fungu la zaka, kwa kuwa ufukara ni wa kwanza kutajwa katika makundi manane ya aya ya 60 ya Surat at-Tawba, na fukara hapotezi haki yake kwa kuwa anasoma.

Nisiache kusema, japo kwa kifupi, kwamba chuo kikuu si njia pekee. Hapa Kihonda kipo chuo cha VETA, na chini ya mlima kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa, na ada za vyuo hivi vya serikali ziko mbali sana na milioni. Kijana aliyepata ufaulu mdogo kidato cha nne akajua kuchomelea vyuma au kufunga umeme hana sababu ya kuinamisha kichwa msikitini. Stashahada nazo, katika fani kadhaa za kipaumbele kama afya na kilimo, zimeanza kupata mikopo ya serikali tangu mwaka 2023/24. Tahadhari yangu ni moja: kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, au na TCU kikiwa chuo kikuu. Mwaka jana baba mmoja wa jamaa yetu alilipa laki sita kwa “wakala” aliyemwahidi nafasi ya uuguzi. Wakala hakuwa na ofisi. Alikuwa na fulana yenye nembo.

Binti wa Kinole alikaa nyumbani mwaka mzima. Mama yake aliniambia baadaye kwamba walikuja wachumba wawili katika muda ule, na mjomba aliwaambia wote kwamba binti ana karatasi zinashughulikiwa wilayani, wasubiri. Mmoja alisubiri kidogo, akaoa kwingine. Cheti cha kifo kilitoka Machi. Juni binti alishuka mjini, akajazia fomu ya mkopo hapa chumbani kwetu kwa kompyuta ya kuazima, akipiga herufi kwa kidole kimoja, na mjomba akisimama nyuma yake akisoma kila jina kwa sauti. Alipangiwa mkopo wa ada karibu yote pamoja na chakula. Sehemu iliyobaki ameichukua katika mfuko wetu, na jina lake ni la saba katika daftari.

Wiki iliyopita mjomba alikuja tena, safari hii asubuhi, kabla ya jua kuwaka. Ameleta mkungu wa ndizi kwa ajili ya wanafunzi wa madrasa, na mfuko uleule wa nailoni. Ndani mlikuwa na majina ya wajukuu wa dada yake watano, wote chini ya miaka kumi, na tarehe zao za kuzaliwa zikiwa zimeandikwa kwa kalamu ya risasi. Wawili hawana vyeti. Alitaka kujua ofisi ya wilaya inafunguliwa saa ngapi.